Kitambaa Chekundu cha Mzee Wafula

"Nani amesogeza hii mikebe?"

Hilo ndilo swali aliloliuliza Mzee Wafula asubuhi ile, amepiga magoti kwenye matope mbele ya lango letu, na waliolisikia ni waimbaji wa pande mbili, wajomba wasiopungua wanane, na dada yangu Wangari aliyekuwa akichungulia dirishani na shela yake ya harusi imemwangukia sikio moja. Kati ya watu wote hao mimi ndiye niliyepaswa kulijibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka Chuo Kikuu na shahada ya kemia isiyotimiza mwaka, na mimi ndiye niliyezoea kuwajibu watu hata kabla hawajauliza. Nilisimama tu kama mti, na bahati mbaya mti ulikuwapo tayari.

Naona aibu kulisimulia jambo hili hata leo. Lakini picha ya harusi bado imetundikwa sebuleni kwa Wangari, na kila mgeni anayeingia huuliza yule mpambe wa tatu kutoka kushoto ana nini usoni, kwa hiyo afadhali mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzomwanzo. Kwetu ni upande wa Kabete, pale shamba linapoteremka hadi mtoni, na ukisimama ukingoni unaona mapaa ya Kitisuru ng'ambo yakijificha kwenye miti kama watu wanaodaiwa. Baba alikuwa amefariki zamani, nyumba ilikuwa ya Mama, na njia ya kuingia ilikuwa moja tu, nyembamba, ikipita chini ya mkaratusi mkubwa uliokuwa umeinama tangu nikiwa mdogo. Kila mwaka Mama alisema ukatwe, na kila mwaka mjomba mmoja alisema mti huo hauna neno. Basi usiku wa kuamkia harusi ya Wangari mvua ikanyesha, na mti usio na neno ukalala chali kabisa mbele ya lango. Hata baiskeli isingepita.

Ibada ilikuwa saa nne, katikati ya mji. Wageni wa bwana harusi walikuwa waje saa tatu kumchukua bibi harusi. Sasa ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na Mama alikuwa amesimama mlangoni na kilemba chake cha buluu, mkono kiunoni, akiutazama mti ule kama anavyomtazama mtu aliyekuja karamuni bila kualikwa.

"Kamau," alimwambia binamu yangu, "kimbia Kangemi. Mwambie Wafula, Mama Wangari anasema leo ndiyo leo."

Mzee Wafula alitoka Bungoma tangu wakati wa Wazungu, akaanza kwa kukwea miti ya mabwana wa Kitisuru na kukata matawi kwa panga, na baada ya miaka mingi akajinunulia msumeno wa injini, ule ambao sisi sote tuliuita pawasoo. Siyo wa tajiri fulani. Wake. Ulikuwa mmoja, na kwa huo mmoja alisomesha watoto watano. (Hilo nililijua asubuhi ile, na bado nikafanya nilichofanya, ndiyo maana nasema aibu.)

Alifika saa moja akisukuma mkokoteni, fulana ya sufi chini ya ovaroli, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mama Wangari, mnaolewa ama mnahamia msituni?"

"Wafula, usinichekeshe. Saa tatu wakwe wako hapa."

"Saa tatu iko mbali. Kwanza tuangalie mashine. Mashine haijui harusi."

Nami nikamfuata, nimevaa gauni langu la upambe la rangi ya siagi na juu yake sweta ya Mama yenye mifuko mikubwa, kwa sababu kulikuwa na baridi na kwa sababu nilikuwa mtu wa kuuliza. Sikuwahi kupita karibu na mtu anayefanya kazi nisimuulize kwa nini anafanya hivyo, na akijibu, nimuulize amejuaje. Mchungaji wetu alikuwa ameanza kunikwepa. Wahadhiri wangu pia.

Nilitegemea kuona mtu akivuta kamba na kelele zikaanza. Badala yake Mzee Wafula alitandika gunia safi juu ya kisiki, akauweka msumeno juu yake, na kwa muda mrefu hakuuwasha kabisa. Alifungua kifuniko, akatoa chujio la hewa na kulipiga vumbi kwa brashi ya viatu, taratibu, upande wa ndani kwenda nje. Akafungua plagi, kile kidude cha kutoa cheche, akaitazama kwenye mwanga, akanionyesha. "Hii rangi unaona? Kama chai ya maziwa. Ikiwa hivi, injini imelala vizuri. Ikiwa nyeusi, amekula mafuta mengi. Ikiwa nyeupe, ana homa." Akairudisha. Akashika mnyororo wenye meno akauvuta juu kidogo kwa vidole viwili, ukainuka kiasi tu, akauachia, ukarudi. "Usining'inie, usikaze. Kama mkanda wa suruali ya mtu amekula akashiba." Kisha akachukua tupa nyembamba ya mviringo na kunoa jino moja moja, mara tatu kila jino, si mbili wala si nne, akihesabu kwa midomo bila sauti.

Nimekaa kwenye maabara miaka mitatu. Sijapata kuona mtu akiandaa chombo chake kwa heshima ile, na nilimwambia hivyo. Alicheka. "Huko kwenu mtu akikosea anaandika tena. Mimi nikikosea narudi nyumbani bila mguu."

Halafu mafuta. Alikuwa na mikebe miwili ya bati ya galoni mojamoja, inayofanana kama mapacha, na yote miwili ilikuwa na petroli. Mmoja aliuacha hivyo hivyo, wa kusafishia vyuma na wa akiba. Katika ule mwingine alipunguza petroli hadi nusu, akamimina chupa moja ya soda iliyojaa oili, akafunga, akautikisa kifuani kama anayembembeleza mtoto, akafungua, akarudishia ile petroli aliyoipunguza, akatikisa tena.

"Kwa nini usimwage yote kwa mara moja?"

"Oili ni mvivu. Ukimwaga mara moja inalala chini."

"Na kwa nini chupa moja, si nusu? Moshi ungepungua."

"Huu moshi unaouona ni chakula yake. Injini hii haina tumbo la oili kama gari. Anakula oili ndani ya petroli, akimeza anajipaka mwenyewe."

Nikaona ni jibu zuri, hata nikaona wivu kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa ninajua neno la kitaalamu la jambo hilo na sikuwa nimewahi kulielewa vizuri kiasi hicho. Lakini alipomaliza alitoa mfukoni kipande cha kitambaa chekundu, kimechakaa, kimelowa mafuta miaka na miaka, akakifunga kwenye mpini wa mkebe uliochanganywa, mafundo mawili, akakivuta kuhakikisha.

"Na hicho cha nini?"

Alikuwa ameshauma kamba ya mkokoteni kwa meno, akijiandaa kubeba msumeno. Alisema kwa kona ya mdomo, "Kikitoka hicho, injini inalia," akaenda zake.

Sasa mnisikilize. Kama angesema "ni alama," mkasa huu usingekuwapo. Lakini alisema hivyo alivyosema, na Kamau, aliyekuwa nyuma yangu anatafuna muwa, akaninong'oneza, "Hiyo ni dawa, Nyambura. Kule Kangemi kila mtu anajua. Tangu aanze kufunga hicho kitambaa hakuna mti umeangukia nyumba ya mtu."

"Nani amesema?"

"Watu."

"Watu gani? Umejuaje?"

"Wewe na 'umejuaje' yako! Kiguse uone."

Nililiona lote mbele yangu, somo zima: mtu stadi, mwenye akili kali, mwenye mikono inayofikiri, lakini amefungwa na hirizi. Ilinikera kwa niaba yake. Nikasema moyoni, nikitoe, afanye kazi siku nzima vizuri, jioni nimwonyeshe: unaona, mzee, ilikuwa ni wewe muda wote, si kitambaa. Ingekuwa zawadi. (Naapa nilidhani ni zawadi.) Nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili, nikakitia kwenye mfuko wa sweta ya Mama, na Kamau akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyeona nyoka.

Kazi ikaanza, na lo, ilikuwa kazi ya kutazamwa. Hakukata kama anayegombana na mti. Alizunguka kwanza, akagonga gogo hapa na pale, akatafuta upande uliobanwa na upande uliovutwa, akakata kidogo chini, kisha akaja juu, na kipande kikaanguka chenyewe kando ya njia bila hata kuruka. Moshi mwembamba wa buluu ulimfuata. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi na kupika karibu na ua waliacha visu wakatazama. Kufikia saa mbili unusu matawi yote yalikuwa yameondoka, na lililobaki lilikuwa gogo lenyewe, nene kama pipa, likihitaji kukatwa mara mbili tu kulipindua kando. Alikata mkato wa kwanza. Akaingia wa pili, akafika katikati, na tangi likaisha.

Hapo ndipo pabaya, kwa sababu gogo lilianza kuufunga mkato. Kamau alishikilia kabari kwa nyundo, Mzee Wafula akazuia msumeno kwa mikono miwili usibanwe, na hakuna aliyeweza kuondoka.

"Lete mafuta!" aliniita. "Ule wa kitambaa!"

Nikakimbia hadi kisikini. Mikebe haikuwapo. Nikazunguka, nikaiona upande wa pili wa pipa la maji, mbali na moto wa kupikia, imewekwa sambamba, safi, kama viatu mlangoni. Miwili. Inafanana kama mapacha.

Kisikini ule uliochanganywa ulikuwa kulia. Nilikumbuka kabisa. Kulia. Nilikuwa mtu ambaye alitilia shaka kila kitu duniani isipokuwa kumbukumbu yake mwenyewe. Nikauchukua wa kulia.

"Kitambaa kiko wapi?" Mzee Wafula aliuliza, macho yake yako kwenye kabari.

Ningeweza kusema ukweli hapo. Ingenigharimu nini? Kicheko cha Kamau, basi. Lakini nilisema, "Kimefunguka njiani. Lakini ni huu huu."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee. Si nilikuwa nakutazama ukichanganya?"

"Haya. Nakuamini. Mimina."

Nikamimina mwenyewe kwa faneli, bila kumwaga hata tone, nikajivunia hata hilo.

Akavuta kamba, ikawaka kwa mvuto wa kwanza, na mlio wake! Ulikuwa mwembamba, mkali, mtamu, kama injini mpya dukani. Na moshi haukuwapo. Hata kidogo. Nikamgeukia Kamau, nikamtolea ncha nyekundu ya kitambaa mfukoni ili aione, nikamwambia, "Unaona? Hakuna dawa. Na moshi umekwisha!" Bibi mmoja wa upande wa Mama, amekaa na beseni la viazi, akauliza kwa sauti, "Mbona leo hautoi moshi?" nami nikamjibu, "Ni maendeleo, cũcũ."

Mzee Wafula hakusikia hayo, lakini aliinua kichwa ghafla, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali. Mkono wake ukaenda kwenye swichi. Haukufika. Injini ilitoa sauti ambayo sijaisahau, mlio mrefu wa chuma juu ya chuma, mkavu, na ikanyamaza. Upanga wa msumeno ukabaki umekwama ndani ya gogo. Alivuta kamba. Haikuvutika hata inchi moja.

Na papo hapo, chini kabisa ya njia, tukasikia nyimbo.

Mnajua desturi ya kwetu. Wageni wakija kumchukua bibi harusi, wanawake wa kwake hufunga lango na kuwazuia kwa nyimbo, nao huimba kuomba, huahidi, hubembeleza, mpaka wafunguliwe. Ni mchezo, lakini mchezo wa heshima, na kadiri lango linavyofungwa kwa ukaidi ndivyo msichana anavyoonekana ana thamani kwao. Basi wakwe zetu waliacha magari chini, wakapanda kwa miguu wakiimba, suti na kofia na vitenge, wakakunja kona, wakaona gogo nene kama pipa limelala langoni na msumeno umesimama katikati yake. Nyimbo zikakatika. Mjomba wa bwana harusi, msemaji wao, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, akaegemea fimbo na kushika moyo.

"Wenzangu," alisema, "mimi nimeozesha vijana sita. Nimefungiwa lango kwa kufuli. Nimefungiwa kwa mnyororo. Nimefungiwa kwa ng'ombe. Lakini hii ni mara ya kwanza nimefungiwa kwa mkaratusi!"

Wakapiga shangwe. Na wanawake wetu, badala ya kusema ukweli kwamba tumeharibikiwa, wakatazamana, na bibi wa viazi akasimama akaanzisha wimbo wa kukataa kufungua, na wote wakampokea kwa vigelegele! Mjomba mnene akaja akagonga gogo kwa fimbo. "Hodi! Hodi wenye mti!" Akaahidi blanketi. Wakakataa. Akaahidi blanketi mbili. Wangari akatoa kichwa dirishani, "Nyambura! Nini kinaendelea? Ni saa tatu na nusu!"

Katikati ya kelele hizo Mzee Wafula alikuwa amepiga magoti peke yake, mtu mmoja tu asiyecheza. Alipiga kabari mbili, akauchomoa msumeno gogoni kama anayetoa mtoto kisimani, akaulaza kwenye gunia lake. Akafungua plagi. Nyeupe, kavu kama jino. Hakutukana, hakuhangaika, hakugusa vitu kumi kwa mara moja kama ambavyo ningefanya mimi. Akainua mkono. "Nani ana karatasi?"

Nilikuwa nayo ratiba ya ibada. Nikampa. Pembeni pa karatasi, chini ya jina la bwana harusi, akadondosha tone moja kutoka kwenye tangi la msumeno. Akamtuma Kamau alete mkebe wa pili, akadondosha tone la huo kando yake. Akainua karatasi kwenye jua, akaipuliza kidogo. Nyimbo zikapungua, watu wakasogea, hata mjomba mnene akachungulia juu ya gogo. Tone la kwanza lilikauka likatoweka kabisa. La pili lilibaki, duara jembamba la mafuta, likipitisha mwanga.

Ee jamani. Nilisoma kemia miaka mitatu, nilipasua vioo vingi tu vya Serikali, na lile ndilo jaribio zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona: matone mawili, karatasi moja, pumzi. Nililifurahia kwa muda wa kama sekunde mbili, kabla sijaelewa linasema nini.

"Nimeendesha petroli tupu," alisema Mzee Wafula polepole. "Hakuna oili hata kidogo. Ameungua." Akatazama kisiki, akatazama pipa la maji. "Nani amesogeza hii mikebe?"

Kamau alitazama muwa wake. Mama alikuwa ameinamia sufuria akitia chumvi, hakuinua kichwa. Niliwaza wale watoto watano wa Kangemi, mmoja mmoja.

"Na kitambaa changu kilianguka wapi?"

Jasho lilikuwa likinitoka kama niliyenyeshewa. Watu wote walinitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyemimina. Nikafikiri, tulia, jifute uso, kisha useme. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, nikaivuta, nikajifuta paji la uso kwa utaratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, nikashuka shavuni, na nilipokuwa nikiinua kidevu ili niseme jambo la busara nikaona macho ya watu wote yametua kwenye mkono wangu.

Haikuwa leso.

Nilikuwa nimejipaka oili ya miaka mingi uso mzima, na kitambaa chekundu kilikuwa kinaning'inia vidoleni mwangu mbele ya wakwe.

Mjomba mnene akaninyooshea fimbo. "Kumbe!" alipiga kelele. "Ufunguo wa lango alikuwa nao huyu!"

Nani angezuia kicheko kile? Walicheka wa kwao, wakacheka wa kwetu, bibi akaangusha beseni la viazi, Wangari dirishani alicheka mpaka shela ikaanguka kabisa. Mimi nilisema, "Nilikifungua mimi, mzee. Nilidhani ni dawa," na hilo, badala ya kunisaidia, likawamaliza wote.

Mzee Wafula hakucheka. Alifungua ekzosi, bomba la moshi, akafumba jicho moja, akachungulia ndani ya tundu kwenye pistoni. Kisha alifunika msumeno kwa gunia, vizuri, pembe zote nne, kama unavyomfunika mtu. Akaenda kwenye mkokoteni akarudi na msumeno wa zamani wa watu wawili, mrefu, wenye mpini kila upande.

"Shika upande ule," aliniambia.

"Mimi?"

"Kuna mwingine alimimina?"

Nikavua sweta, nikashika, nikiwa na gauni la rangi ya siagi, na nywele zangu nilizoziacha zisimame wima (Mama alikuwa ameziombea wiki nzima zilale), na uso mweusi. Nikasukuma kwa nguvu zote. Msumeno ukapinda ukakwama.

"Usisukume. Vuta tu. Ukimaliza kuvuta, mwachie mwenzako. Atavuta zamu yake. Mwamini."

Neno hilo la mwisho alilisema bila ukali, na liliniuma kuliko kama angenizaba kofi. Nikavuta. Nikaachia. Akavuta. Wanawake wakapata mapigo, pande zote mbili za gogo wakaanza kuimba kwa kufuata msumeno, mjomba mnene akihesabu kwa fimbo. Sikuwahi kusikia uchovu wa namna ile mabegani. Mzee yule, umri wa baba yangu, alivuta kama anayevuta pumzi, hakubadilisha mwendo hata mara moja, na nilipochoka alikuwa akipunguza uzito upande wake kidogo, kidogo tu, ili nisiaibike zaidi. Gogo likakatika. Vijana wakalipindua. Lango likafunguka, na wakwe wakaingia wakiapa hawajawahi kuona lango lililopiganiwa namna hii.

Kanisani tulifika saa tano kasorobo. Oili ile haikutoka kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Picha mmeiona. Na vile viazi, nakumbuka, vilikuwa na chumvi ya kutisha, wageni wakanywa maji mpaka pipa likaisha, nami nikadhani ni wasiwasi wa mama mwenye harusi.

Jumatatu nilikwenda Kangemi. Nilimkuta ameshika msumeno magotini. Alikuwa ametia oili kwenye tundu la plagi tangu Jumamosi, akaiacha, na kila baada ya muda alizungusha gurudumu dogo la injini kwa kidole, unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma, mpaka Jumapili jioni pistoni ikaachia. Lakini ringi ya pistoni ilikuwa imekwaruzika. Niliomba nitafute mpya mimi. Nilizunguka Ngara siku mbili, duka kwa duka, nikiulizwa na kila muuzaji "ya pikipiki gani, dada?" na nikijibu kwa ufundi ambao sikuwa nao, mpaka mzee mmoja akaitoa kwenye sanduku la chini kabisa, imefungwa kwa karatasi ya nta. Jumamosi hiyo nilikaa kando ya Mzee Wafula akisugua silinda kwa msasa laini, muda wa saa nne, akifuta, akigusa kwa ncha ya kidole, akisugua tena. Hakuniambia niondoke.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika tu jina kwenye mkebe. Nilijitolea kumwandikia. Nilidhani hajui kusoma (ndiyo, hata baada ya yote yale, bado nilikuwa nadhani vitu).

"Niliandika," alisema. "Rangi nyeupe, herufi kubwa. Petroli ikimwagika inakula rangi. Mwezi mmoja imekwisha. Fundo haiwezi kula."

Alipoiwasha injini, ilikohoa, ikakohoa tena, ikatoa moshi wa buluu, nami nilitaka kuukumbatia moshi ule. Haikurudia nguvu yake yote, na asubuhi za baridi alikuwa akiibembeleza, lakini ilifanya kazi miaka mingine mingi, na watoto wote watano wakamaliza shule. Siku hiyo alinipa mkebe nichanganye mwenyewe: nusu, oili, tikisa, jaza, tikisa. Akadondosha tone kwenye gazeti, akalipuliza, akatazama duara. Akanipa kitambaa.

"Funga," alisema. "Fundo mbili."

Tangu hapo sijawahi kufungua fundo la mtu kabla ya kumuuliza mara ya pili, na hata akinijibu kwa mafumbo namuuliza mara ya tatu, na nimeapa kwamba sitasema tena "nina hakika" juu ya kitu ambacho nina karatasi ya kukipima.

Lakini nani alisogeza mikebe, hilo nililibeba miaka na miaka. Nilimshuku Kamau, nikamshuku bibi wa viazi. Mzee Wafula alikuwa ameshastaafu amerudi Bungoma, na watoto wa Wangari walikuwa watu wazima, siku moja tumekaa jikoni kwa Mama tukimenya njegere, nao wakaniomba niwasimulie tena. Nilipofika pale pa swali, Mama, mzee sasa, macho yake yako kwenye bakuli, akasema, "Ni mimi."

Nikaacha kumenya.

"Ilikuwa karibu na moto," alisema. "Nikatafuta kitambaa nijue ni upi wa kuweka kulia, sikukiona. Nikasema, haidhuru, atakayekuja kuchukua ni Nyambura. Atajua. Si amesoma?"